Breki Zilizokula Upepo

Hakuwa na jengo. Gereji yake ilikuwa mabati machache juu ya nguzo, na mvua ikija kwa ubavu alilowa yeye na gari pia. Hakuwa na winchi ya kunyanyulia injini. Alikuwa na mnyororo na mabega ya shemeji yake. Hakuwa na cheti chenye neno "injinia", hakuwa na nywele utosini, wala hakuwa na ukucha kwenye dole gumba la kushoto. Na tangu aanze kazi hii ya upepo, hakuwa hata na jirani mmoja wa kumwamkia bila kucheka.

"Fundi Breki, leo gari limekunywa upepo wa wapi?"

"Wa mdomo wako," alijibu akiwa chini ya gari. "Huo ndio haukatiki."

Jina la Fundi Breki alikuwa amelitolea jasho. Gari lililopita mikononi mwake lilisimama pale pale ulipogusa pedali, na madereva walitoka mbali kumfuata kwa sababu hiyo.

Gari lililomkosesha usingizi sasa lilikuwa kigari cha kusambazia mkate. Mwenye tanuri, mama mtu mzima, alikuwa amehamia kwa binti yake katika mji mwingine, na mambo yake yote aliyaendesha kwa barua kwa sababu simu, alisema, huruka maneno. Alikuwa ameandika kwamba kigari kinakunywa petroli kupita kiasi, kiuzwe kama chuma chakavu, na dereva atafute pengine. Dereva huyo ndiye shemeji, mdogo wa mke wa fundi.

Fundi alimjibu akaomba nafasi. Alimweleza kwamba kigari kinaumia kwa kusimama na kuondoka, duka hadi duka, kutwa nzima. Kila kikisimama, mbio zake zote zinaishia kwenye breki na kugeuka joto la bure. Yeye angefunga pampu kwenye shafti ya nyuma. Kigari kikipunguza mwendo, magurudumu yangeizungusha pampu, nayo ingesukumia upepo kwenye mtungi wa chuma. Kikitaka kuondoka, upepo ule ule ungerudi kuizungusha pampu na kukisukuma, mpaka injini ya petroli ipokee. Mama alikubali: jaribu, kisha niandikie kwa mkono wako kinafanya nini.

Basi akafunga pampu. Mtungi aliupeleka kwa wapimaji wa mitungi ya gesi, wakaujaza maji na kuyakandamiza ndani kuona kama utapasuka, mpaka wakaridhika. Siku ya majaribio shemeji alishika usukani, wakazunguka mtaa mzima wakisimama na kuondoka. Mshale wa kipimo cha upepo haukutikisika.

Fundi akaanza kusaka tundu. Alipaka povu la sabuni kila kiungo, akafungua, akafunga, akafungua tena. Hakuna kilichovuja. Shemeji akashika tama, lakini fundi akajifunga kibwebwe na kusema watazunguka tena.

Safari hii mke wake, ambaye ni mshonaji, alipanda nao kwa sababu alikuwa na nguo za kupeleka. Kwenye duka la kwanza shemeji alikanyaga breki, na furushi la nguo likamrukia mshonaji kifuani.

"Mume wangu, mbona tunasimama kama tumegonga ukuta?"

"Hizo ndizo breki zenyewe," alisema fundi, kifua mbele.

"Nimeona. Sasa hiyo pampu yako inapata nafasi saa ngapi?"

Shemeji alicheka. Fundi hakucheka. Alikodolea macho ule mshale uliolala. Breki zake nzuri, fahari ya maisha yake, zilikuwa zinazikula mbio zote kabla pampu haijaonja chochote.

Ilibidi alegeze breki. Yeye! Ilimuuma kama mshonaji anayeambiwa aache mshono wazi. Lakini alikunja mikono ya shati akaitengeneza pedali upya: ikibonyezwa kidogo iamshe pampu tu, ikibonyezwa zaidi breki zishike kwa nguvu zake zote. Aliijaribu mwenyewe kwenye mteremko, kigari kikiwa kimejaa mifuko ya mchanga, mpaka moyo ukatulia.

Walipotoka tena, mshale ulipanda. Kwenye duka la pili kigari kilitoa mlio kama wa mtu anayevuta pumzi, kikaondoka injini ikiwa imezimika.

"Shemeji! Linatembea! Halijawaka na linatembea!" dereva alimpigia fundi kelele.

"Tazama mbele, utagonga."

Walipofika barabara ndefu ya mlimani, upepo uliisha kabla hata ya kona ya kwanza. Petroli ikapokea, ikapanda nao mpaka juu.

Jioni msimamizi wa tanuri alikuja na ushauri. "Andika tu kwamba linakwenda kwa upepo. Mama yuko mbali. Ukianza kumweleza mambo ya kona na mlima, ataliuza."

Shemeji alimtazama fundi kwa macho ya kuomba.

"Na atakapoletewa risiti ya petroli?" aliuliza fundi. "Mimi nitakuwa mwongo, na hakuna atakayeuamini upepo tena katika mji huu. Kazi yako naitaka kuliko unavyoitaka wewe, shemeji. Lakini siitetei kwa chumvi."

Akaketi mezani, pembeni ya cherehani, akaandika polepole:

*Mama, gari lako halitembei kwa upepo. Linaondoka kwa upepo, kisha linatembea kwa petroli. Madukani linafaa sana, mlimani halina faida. Mtungi lazima upimwe tena na tena. Mwanzoni nilikosea mimi, kwa kupenda breki zangu, na nimesharekebisha. Nakuomba usiliuze. Lipewe maduka ya mjini peke yake, na aliendeshe dereva huyu, maana amejifunza kukanyaga taratibu.*

Mke wake aliisoma, akarekebisha neno moja, akamrudishia. Fundi aliikunja, akailamba bahasha, akaikandamiza kwa lile dole gumba lisilo na ukucha.

"Na akikataa?" aliuliza shemeji wakiwa mbele ya sanduku la posta.

"Nitaandika nyingine," alisema fundi, akaisukuma barua ndani.