Mistari Aliyoifuta Yustina

Katika chumba chao cha kazi pale Shanwe, mjini Mpanda, Arcade ndiye alikuwa bingwa, na ubingwa huo alijipa mwenyewe. Aliandika msimamo wa ligi kwenye ubao mweupe: yeye juu kabisa, Ezekia chini yake, na Yustina mchangani, pamoja na timu zinazocheza bila viatu.

Vigezo vilikuwa vya utani. Arcade aliandika programu haraka, hakuweka maelezo hata mstari mmoja, na mafaili yake aliyaita "mwisho", "mwisho_kabisa" na "mwisho_wa_kweli". Ezekia, kijana mpole wa Kawajense, alinakili vya watu mtandaoni, na programu ikigoma alizima kompyuta na kuiwasha kabla hajasoma tatizo ni nini. Yustina yeye alisoma ujumbe wa kosa kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, kama anayesoma somo la kwanza kanisani. Walimcheka kwa hilo, naye alicheka nao. Mwenye nyumba aliwasikia wakitaja "kodi" kutwa nzima, asijue kwamba ndivyo waandika programu wanavyoyaita maandishi yao, akawasifia mtaani kuwa hajapata wapangaji wanaojali pango namna ile.

Mwaka ule walipata kazi yao ya kwanza yenye uzito. Wakulima wa kitongoji kimoja karibu na Sitalike, pembeni ya hifadhi, walitaka njia ya kuwaita askari wa wanyamapori wa kijiji tembo wanapoingia mashambani. Mkulima atume ujumbe mfupi, programu iusome, kisha iwapigie askari simu. Arcade aliandika sehemu kubwa, ile ya kuchambua ujumbe: mnyama gani, wangapi, shamba la nani. Ujumbe ukikosewa, unarudishwa kwa mtumaji. Waliijaribu pale ofisini ikafanya kazi vizuri, wakapongezana, wakaenda kula kuku.

Haukupita muda mrefu, Hilari, kiongozi wa wale askari, akapiga simu. Hakugomba. Alisema tembo waliingia jioni kwenye shamba la mama mmoja anayeitwa Annonciata, mama akatuma ujumbe zaidi ya mara moja, na hakuna simu ya askari iliyolia. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba, na sasa mengi yamelala chini. Wakulima walikuwa wameamua kurudi kwenye kupiga madebe kufukuza tembo.

Arcade alifungua kumbukumbu za programu. Ujumbe wote ulikuwepo, na wote ulikuwa umekataliwa.

"Ameandika 'inzovu'," akasema. "Halafu 'zko kwa muhindi'. Programu haina kosa hapa. Watu wafundishwe kuandika."

"Inzovu si ndiyo tembo kwa Kirundi?" Yustina akauliza.

Arcade aliusoma ujumbe ule upya. Alikuwa amekulia Katumba, kwa wazazi wenye asili ya Burundi, na neno lile alilijua kabla hajalijua neno tembo. Baadaye akasema hilo ni jambo dogo, ataliongeza kwenye maneno ambayo programu inayajua. Ezekia akapendekeza waongeze na ya Kifipa na Kisukuma.

Yustina hakuridhika. Kesho yake asubuhi alikwenda Sitalike peke yake.

Alimkuta Annonciata shambani, akikata mabua yaliyolala ili awape mbuzi. Alimwamkia, akajitambulisha kuwa ni mmoja wa wale waliotengeneza kile kitu cha kwenye simu, akasubiri matusi. Annonciata alimpa panga la pili. Walikata mabua muda mrefu, ndipo mama akaanza kueleza.

"Kuandika najua, mwanangu. Ila jioni ile nilikuwa na debe mkono huu na simu mkono huu, nakimbia. Simu ikanijibu neno halitambuliki. Nikaandika tena, ikajibu vilevile. Mwishoni sikuwa naandika. Nilikuwa nabonyeza tu huku nalia."

Yustina alisimama na panga mkononi. Ule ujumbe wa mwisho alikuwa ameuona pale ofisini: herufi zisizo na maana, ambazo Arcade alizipita bila kusema kitu. Alimuuliza mama kama kule kubonyeza tu kungetosha kuwaleta askari, ingekuwaje. Annonciata akamwambia kwamba hicho ndicho alichodhani watu wa Mpanda wamewaletea tangu mwanzo.

Aliporudi Shanwe hakukaa hata kwenye kiti.

"Nafuta sehemu yote ya kuchambua ujumbe," alisema. "Ujumbe wowote kutoka kwenye namba tuliyoisajili, hata herufi moja, hata ukiwa mtupu, utawapigia askari simu. Namba ni ya nani na shamba liko wapi, hayo tunayajua tayari. Mengine askari watamuuliza mwenyewe kwa mdomo."

Arcade alibisha sana. Alisema ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na kitakachobaki hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeweza kukiandika. Alianza kwa sauti kubwa, akamaliza kwa sauti ya chini.

"Ni nzuri kweli, kaka," Yustina akamjibu. "Lakini ni ya mtu aliyekaa kwenye kiti."

Akaifuta mbele yake.

Hilari alikubali wajaribu tena, kwa kaya chache tu. Siku za mwanzo zilikuwa za aibu. Mzee mmoja alikalia simu yake, mwingine akakosea namba wakati akimtumia mkwewe salamu, na mara zote mbili askari walitembea bure kwenye matope. Hilari akaanza kunung'unika, na Arcade akasema nakala ya programu ya zamani anayo bado, wanaweza kuirudisha hata leo. Yustina alikataa. Alirudi Sitalike mara nyingine na nyingine, akakaa na askari, akauliza, akabadilisha. Simu ya askari ikilia sasa, ilionyesha jina la mkulima, na askari alimpigia kwanza. Asipopokea, wanakwenda. Alimwomba Annonciata akimbie shambani na debe lake huku akituma ujumbe, majirani wakicheka pembeni, na kila aliposhindwa kubonyeza, Yustina alipunguza kitu kimoja zaidi, mpaka ikabaki namba fupi ambayo kidole kinaipata bila macho.

Tembo walirudi mwezi Machi, jua linazama. Annonciata alituma "nnn" na hakupokea simu alipopigiwa, maana mikono ilikuwa kwenye debe. Askari walikuja na pikipiki, tochi kali na mavuvuzela, wakawageuza wale wanyama kurudi hifadhini. Kona moja ya shamba ilikuwa imeshaliwa. Hilari alipompa habari kwa simu, Yustina aliketi kwenye ngazi ya mlangoni, akaomba amwambie tena tangu mwanzo.

Si wote waliookoka. Msimu ule ule mkulima wa bondeni alipoteza karibu kila kitu, kwa sababu kule mtandao haufiki na ujumbe wake haukutoka kwenye simu. Yustina aliliandika jina lake na kumwahidi kwamba atarudi, ingawa hakujua bado atarudi na nini.

Siku ya kurudi kule, Arcade aliomba kwenda naye. Annonciata alimsalimia kwa Kirundi, akataka kujua ni mtoto wa nani, akamweka kitako mpaka wakapata ndugu wanaofahamiana. Kisha Arcade akashuka mwenyewe bondeni, simu juu ya kichwa, akitafuta mtandao kutoka kichuguu hadi kichuguu. Alirudi na matope magotini, akasema kuna mahali pamoja pa juu ambapo unashika kidogo, na kwamba wakisimamisha mlingoti wa antena pale huenda ujumbe wa bondeni ukatoka.

"Twende ukanionyeshe," Yustina akasema, na wakashuka.