Samaki Mwenye Nyusi kwa Kinyozi

Binti yangu wa pili ana kichwa kigumu, na nasema hivi kwa majivuno, maana kakirithi kwangu. Maisha yangu yote nimeunda matangi ya samaki. Nimekatwa na vioo, nimekimbiwa na wateja, nimemwagikiwa maji ya chumvi nikiwa nimevaa suruali ya harusi. Binti alifanya kazi nami mpaka siku aliponiambia, "Baba, tangi la kinyozi niachie mimi. Usiguse hata pampu."

Lilikuwa tangi lake la kwanza peke yake. Aliweka maji ya chumvi na mawe ya matumbawe, akawasha taa, akaliacha hivyo wiki kadhaa bila samaki hata mmoja, mpaka mawe yakaota mwani wa kijani. Kinyozi alikuwa akingojea samaki wa rangi za bendera. Akaletewa samaki mdogo wa miambani, mrefu kama kidole, rangi ya udongo, na vinyuzi viwili vimesimama juu ya macho.

"Bibie, huyu ni samaki au mjusi aliyelowa?"

"Samaki, mjomba. Hakui mkubwa, hagombani ovyo na samaki wa aina nyingine, tangi kama hili linamtosha. Ila kifuniko usikiache wazi, anaruka."

"Nyusi zake zinataka wembe."

"Anza na zako."

Kinyozi akacheka, lakini akaweka sharti. Wateja wasipomjali huyo Nyusi mpaka Jumamosi, tangi litoke, pale pakae televisheni. Binti akakubali bila hata kunitazama. Mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Nyusi akaanza kazi vizuri. Alikaa juu ya jiwe ameegemea mapezi yake kama jirani mmbea dirishani, jicho moja kwa mteja, jingine kwenye mkasi. Ukimsogelea, anaingia shimoni kinyumenyume na kubakiza uso tu, kama mdaiwa anayechungulia mlangoni.

Alhamisi kinyozi akanipigia simu. "Mzee, samaki wenu anakauka."

Nikatoka mbio na chupa ya dawa mfukoni. Kweli, tumbo la Nyusi lilikuwa limebonyea. Nilishakunja mikono ya shati nianze kumimina, binti akaingia.

"Baba, weka hiyo chupa chini."

"Mwanangu, samaki anaumwa!"

Binti alimtupia samaki jicho mara moja tu. Aliyakodolea macho mawe. Yaling'aa kama meno ya bandia.

"Mjomba, nani kayasugua mawe haya?"

Kinyozi akatanua kifua. "Mimi! Kila jioni, kwa brashi mpya. Hapa kwangu uchafu haulali. Vitana naosha, nyembe nachemsha, sembuse mawe?"

"Ule uchafu ndio chakula chake. Anakwangua mwani kutwa nzima. Huyu haumwi, ana njaa."

Mteja aliyekuwa kitini alicheka mpaka povu la kunyolea likamrukia kinyozi.

"Kumbe kila jioni namwondolea sahani mezani!" kinyozi akasema, brashi bado mkononi.

Dawa yangu ingeua hata ule mwani kidogo uliobaki. Nikairudisha mfukoni polepole, kama mtu anayetafuta leso.

Binti akaenda nyumbani, akarudi na jiwe lililojaa mwani, ndani ya ndoo ya maji yaleyale ya chumvi. Akalizamisha taratibu. Nyusi alilitazama, akalizunguka, kisha akalivamia kwa mdomo, ta-ta-ta, kama cherehani.

Jumamosi nilipopita, watu walikuwa wakiachiana zamu ya kunyolewa. "Tangulia wewe, mimi bado natazama." Kinyozi alikuwa akimfokea mtu mzima na ndevu zake kwa kugonga kioo: "We bwana, ukila kwako tunakugongea dirisha?"

Jumatatu, nikiwa kwenye foleni benki, kinyozi akanipigia tena.

"Mzee, tangi halitoki. Na jirani yangu wa duka la dawa anataka kama lile. Nipe namba ya simu."

"Namba yangu si unayo?"

"Yako ninayo. Naomba ya fundi."

Nikamtajia namba ya binti yangu, tarakimu moja moja, kwa sauti iliyomfikia hata mlinzi wa mlangoni.