Upande wa Jua

Siku ya kumi na moja tangu ashuke Johannesburg, Sumaiya alipotea mchana kweupe, mfuko wa vitunguu na tangawizi mkononi, jua likimwangazia bega la kulia. Alikuwa ametoka sokoni Yeoville kwa mlango usiokuwa ule alioingilia, akajikuta kwenye barabara asiyoijua. Hakubabaika. Nyumba yao ilikuwa Bellevue, upande wa mashariki, mwendo wa robo saa hivi, na kuitafuta mashariki halikuwa jambo la kumsumbua mtu aliyezaliwa Bhuj, mji mkavu wenye anga pana kule Gujarati. Baba yake alikuwa amemfundisha tangu utotoni kusoma pande za dunia kwa kivuli chake mwenyewe. Majira ya baridi jua hupita kusini. Ukiliweka kulia, uso wako unatazama mashariki. Basi akaliweka kulia, akatembea.

Alitembea kama mtu aliye ndotoni, na hilo halikuwa jipya. Tangu afike, siku zilimpitia kwa namna hiyo, kila kitu kikiwa karibu sawa na anachokijua lakini kimesogezwa kidogo. Juni, mwezi wa joto la kuunguza kwao, hapa ulikuwa wa baridi; alfajiri majani ya uani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, akaukumbuka uwanda wa chumvi wa kwao. Maji yalichemka upesi sufuriani, lakini dengu zilikaa humo saa nzima zikiwa ngumu kama kokoto. Ndege wakubwa wa kahawia walipita juu ya paa wakipiga kelele, kama watu wanaomwita mtu aliyekwisha kwenda mbali. Hata mwezi mwandamo aliuona umelala vingine, pembe zake zimegeukia juu, akasimama dirishani mwa jiko la pamoja akiutazama mpaka chai ikapoa.

Mumewe naye alikuwa hivyo hivyo, karibu sawa. Nassir alimwoa Bhuj, akaishi naye siku arobaini, kisha akaja huku kuuza mapazia katika duka la Fordsburg. Miaka mitatu walizungumza kwa simu. Mtu aliyempokea uwanja wa ndege alikuwa na sauti ile ile ya kwenye simu, ila amekonda, ana mvi mbili juu ya sikio, na anasema "sharp" kila anapokubaliana na jambo. Aliondoka kabla ya mapambazuko, akarudi jioni amechoka, akala kimya. Usiku Sumaiya alilala akitunga maneno ya kumwomba amrudishe kwao. Alikuwa ameshayatunga yote, yenye heshima, yasiyomlaumu mtu. Kilichobaki kilikuwa kuyatamka.

Kitu cha kwanza kilichomshtua ni mnara. Ule mnara mrefu wa Hillbrow, aliozoea kuuona ukiwa mwembamba kwa mbali, sasa ulikuwa mbele yake, na kila alipopiga hatua uliongezeka unene. Majumba ya ghorofa yalimzunguka, ya kale, yenye roshani zilizotundikwa nguo na mablanketi. Akatazama jua. Lilikuwa pale pale, kulia kwake, linang'aa bila haya. Akatazama mnara. Kimoja kati ya hivyo viwili kilikuwa kinamdanganya. Akashika nguzo ya umeme, na machozi yakaja bila kuomba ruhusa.

"Maman, unaendaka wapi?"

Mwanamke alikuwa amesimama kwenye mlango wa saluni, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake. Jina lake Héritière, mtu wa Bukavu, na alikuwa na desturi ya kuanza kwa Kiswahili na kila mtu mwenye uso wa hofu, kwa kuwa katika mtaa huo wa Berea nyuso hizo mara nyingi hutoka njia moja naye. Sumaiya hakuelewa neno. Akajaribu Kiingereza chake, nacho kikamkimbia.

"Kuya ndani. Iyi baridi itakumaliza. Ikala apa." Akampigia kiti cha plastiki makofi mawili. "Chai?"

Hilo Sumaiya alilielewa. Lilikuwa neno la nyumbani kwao kabisa, limetamkwa na mdomo wa mgeni, naye akalishika kwa mikono miwili kama alivyokishika kikombe baada yake. Alipoulizwa kwa ishara anakaa wapi, hakujua jina la mtaa wala namba ya nyumba, maana Nassir ndiye aliyekuwa akijua hayo yote. Akatafuta kichwani mtu wa kumtaja, akampata mmoja.

"Chiku," alisema. Kisha akaviringisha vidole kuonyesha kitu kidogo cha duara, akajifanya anakitia mdomoni.

Héritière akacheka. "Chiku wa vitumbua! Ananiletea hapa kila siku. Usilie tena, anakuya."

Na Chiku alikuja, kapu kichwani, mwanamke wa Tanga mwenye umri wa kutosha kuwa mama yake, mpangaji wa chumba cha nyuma katika nyumba ile ile ya Bellevue iliyogawanywa vyumba saba. Alikuwa amekulia Tanga ukuta mmoja na familia ya wauza nguo waliotoka Bhuj, na Kikachi, lugha ya Bhuj, alichookota kwao utotoni, cha jikoni na cha kugombezana, bado kilikuwa hai mdomoni mwake.

"Mwanangu, huku umefikaje?"

"Nimelifuata jua," Sumaiya alisema kwa lugha ya kwao.

Chiku hakucheka. Alimshika mkono, wakaaga, wakageuka, wakautia mnara mgongoni. Njiani alimweleza polepole, maneno ya Kikachi yakimpungukia, akiyajaliza kwa vidole. Kwao Tanga, alisema, jua lina miezi ya kupita upande huu na miezi ya kupita upande ule. Lakini Johannesburg limechagua upande mmoja tu: mwaka mzima linapita kaskazini. "Ukiliweka kulia mchana, unakwenda magharibi. Mimi pia lilinichezea nilipokuja. Kila mtu linamchezea."

Walipofika, alasiri ilikuwa imeingia. Chiku akamkaribisha chumbani kwake waswali pamoja. Kilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya iliki na mafuta, ndoo za unga zimepangwa ukutani. Wakatawadha, wakatandika mikeka miwili. Sumaiya alisimama kwenye mkeka wake, akafunga macho kidogo, akainua mikono.

Akahisi viganja viwili vyenye joto vikimshika mabega. Vikamgeuza kulia, taratibu, kama mtu anavyogeuza chungu kilichojaa. Alipofumbua macho alikuwa anatazama ukuta mwingine.

"Huku," Chiku alisema.

Ilimchukua muda kuelewa. Bhuj kibla ni magharibi, pale jua linapozama. Hakuna mtu anayefundishwa, ni kitu ambacho mwili unakijua kama unavyojua njia ya mdomo gizani. Siku ya kwanza alilitazama jua likizama nyuma ya majumba, akatandika mkeka kuelekea huko, na hakufikiri tena, kumbe kutoka hapa Makka iko kaskazini. Siku kumi na moja. Swala tano kila siku. Alihisi kama mtu aliyeandika barua nyingi ndefu, kisha akaambiwa mji alioandika kwenye bahasha haupo.

"Swala zangu zote?"

"Aliyezipokea anajua ulikuwa unamwelekea nani," Chiku alisema, akiurekebisha mkeka kwa mguu. Kisha akaongeza, bila nia mbaya, "Kwani mumeo hakukuonyesha?"

Sumaiya alifungua kinywa aseme kwamba Nassir huswali msikitini karibu na kazini, kwamba hakuona. Lakini alikuwa ameona. Kila usiku, Sumaiya aliposimama kuswali isha, Nassir aliketi ukingoni mwa kitanda, viatu amevivua, akimtazama mgongo mpaka anatoa salamu. Alimwona, na hakumwambia.

Jioni ile Nassir alipoingia, na baridi ya nje imeshikamana na koti lake, alimkuta amesimama katikati ya chumba. Mkeka ulikuwa umetandikwa kuelekea magharibi.

"Nitazame," Sumaiya alisema.

Nassir akautazama mkeka, kisha sakafu.

"Unajua."

"Najua," alisema.

"Tangu siku ya kwanza."

"Tangu siku ya kwanza."

Sumaiya alikuwa amejiandaa kwa visingizio, kwa uchovu, kwa kusahau. Nassir aliketi mahali pake pa kila siku, mikono kati ya magoti.

"Mimi niliswali hivyo miezi minne," alisema. "Kuna jamaa wa dukani aliyeniona, akaniambia. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Siku ile sikuweza kula. Nilipokuwa nikiswali kuelekea kule, Sumaiya, kila nikisujudu niliuona ukuta wa baraza letu la Bhuj. Ule uliochubuka rangi. Nilisikia mpaka pampu ya maji ya jirani. Aliponigeuza, ukuta ukaondoka. Naelekea panapostahili, nashukuru, lakini mbele yangu hapana kitu."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuja, ukatandika mkeka upande ule bila kuuliza, na chumba chote kikawa Bhuj. Nikakaa nikatazama. Kila siku nilisema, kesho nitamwambia."

"Siku kumi na moja, Nassir."

"Najua. Nimekuibia siku kumi na moja."

Nje mtu aliburuta ndoo uani. Sumaiya aliona zile mvi mbili juu ya sikio, na kwa mara ya kwanza akajiuliza ziliota mwezi gani, wa mwaka upi, na ni nani aliyekuwapo. Hasira ilikuwa bado kifuani, nzima, lakini haikuwa tena peke yake.

"Nilitaka kukuomba unirudishe kwetu," alisema. Maneno yote ya heshima aliyoyatunga hayakuja. Yalikuja hayo tu.

"Na sasa?"

Sumaiya aliuliza, "Humu chumbani, upande wenyewe uko wapi?"

Nassir alinyoosha kidole. Alikuwa anaonyesha kabati, lile kabati jeusi lililojaza ukuta mzima, aliloachiwa na mpangaji wa kabla yake. Usiku ule Sumaiya aliswali katika uchochoro uliobaki kati ya kitanda na kabati, paji la uso likikaribia kugusa mbao zenye harufu ya nguo za watu wasiowajua. Nafasi ya wawili haikuwapo. Alipotoa salamu, Nassir naye akaingia mahali pale pale palipokuwa bado na joto la magoti yake.

Jumapili, siku pekee ambayo duka halikufunguliwa, walilishika kabati wakiwa bado na chai mdomoni. Lilikuwa zito kama lori. Mwenye nyumba alikuwa amemwonya Nassir asiliguse lisije likavunja sakafu, naye alitii miaka miwili, tangu ahamie humo. Walisukuma kwa mabega, wakapumzika, wakasukuma tena. Nassir akaguna neno la Kikachi ambalo mama yake asingependa kulisikia, na Sumaiya, ambaye hakuwa amecheka tangu ashuke ndege, akacheka mpaka akakosa nguvu za kusukuma.

Likasogea kiganja kimoja. Mstari mwembamba wa mwanga ukapasua chumba kutoka juu mpaka chini.

Wote wawili wakaacha kusukuma. Nyuma ya mbao hapakuwa na ukuta. Palikuwa na dirisha, pana kuliko mikono ya mtu iliyonyooshwa, vyuma vyake vimekula kutu, vioo vimefunikwa magazeti yaliyogeuka rangi ya chai. Wakamalizia kulisogeza. Sumaiya akabandua gazeti la kwanza, likatoka zima kama ngozi ya kitunguu. Akabandua la pili. Jua la baridi, la chini, la kaskazini, likaingia bila kubisha hodi, likapanda kitandani, likashuka upande wa pili, likalala sakafuni.

"Miaka miwili," Nassir alisema, "nimelala humu nikitetemeka."

Komeo lilikuwa limegoma. Alilipiga kwa kisigino cha kiatu mpaka likakubali. Hewa kavu ikaingia na harufu ya majani yaliyoungua mahali fulani nje ya mji, na harufu ya iliki. Chini ya dirisha, hatua tatu tu, Chiku alikuwa ameinama juu ya kikaango chake. Akainua kichwa, akakinga macho kwa mkono wenye unga.

"Ee! Kumbe ninyi ndio mko hapa? Siku zote nadhani ni stoo." Akatia vitumbua vinne katika sahani, akavipitisha katikati ya vyuma. "Kuleni vingali moto."

Walikula wameketi sakafuni. Nassir alimaliza cha kwake, akajiegemeza kitandani, na kabla hajasema alichotaka kusema usingizi ukamchukua pale pale, kichwa kimeangukia bega, mdomo wazi kidogo, uso wake katika mwanga ukionekana wa kijana zaidi kuliko sauti yake. Sumaiya alimwacha. Alivua soksi, akanyoosha miguu mpaka nyayo zikaingia katika lile pande la jua lililolala juu ya simenti. Lilikuwa na umbo la dirisha, limepinda kidogo, na kingo zake zilikuwa zikisogea polepole mno kuonekana. Kwao angejua, bila kufikiri, adhuhuri litakuwa wapi. Hapa hakujua. Akaweka kidole gumba cha mguu kwenye ukingo wake, akatulia, akangoja aone litaelekea wapi.