Krosova ya Mama Mkwe

Mama mkwe alipohamia kwa binti yake, alikuja na sanduku la nguo, mito miwili, na spika mbili zenye kimo cha kabati. Nguo na mito viliingia ndani bila maneno. Spika zilikwama mlangoni.

"Polepole, jamani, polepole!" aliwaambia wapagazi. "Hicho mlichobeba ni mume wangu!"

Hakuwa akitania sana. Marehemu mumewe alikuwa fundi mitambo wa ukumbi wa dansi, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya ukumbi huo. Ukumbi ulipofungwa, wenzao waligawana viti na mapazia; marehemu hakutaka kiti wala pazia. Alizileta spika nyumbani, akazisimamisha sebuleni pande mbili za dirisha, na zikakaa hapo mpaka alipozikwa.

Sasa zilikuwa sebuleni kwa mkwewe, ambaye naye alikuwa fundi, wa redio na vyombo vya muziki, mwenye karakana yake uani. Mtu angedhani mama mkwe na mkwe wa namna hiyo wangekuwa na mengi ya kuzungumza. Wapi! Tangu siku ya posa, wawili hawa walikuwa wameishi kwa shikamoo na marahaba, habari ya huko, na mvua imenyesha au haikunyesha. Fundi akiwa mbele yake alikalia ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Alijua lililosemwa na mama mkwe yeye alipoleta barua ya posa: "Mtu anayeshinda na nyaya, siku moja atatuunguzia mtoto." Mtoto hakuungua. Alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wake, amenenepa, na ana sauti kubwa kuliko mama yake.

Siku mama mkwe alipokwisha kupanga vitu vyake, aliomba awekewe kanda. Alikuwa na moja tu ya bendi yao, iliyorekodiwa na marehemu palepale ukumbini. Fundi akaunga amplifaya, akabonyeza.

Ilikuwa aibu. Besi ilivuma kama nyuki kwenye mtungi, spika ya kushoto ilikwaruza, na mwimbaji alisikika kana kwamba amefunikwa blanketi mbili. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Zimezeeka," alisema. "Kama mimi."

"Hapana, mama," fundi akajibu, kisha akashangaa kusikia bado anaendelea. "Spika zenyewe ni nzima. Kilichokufa ni krosova."

"Ndiye nani huyo?"

"Ni kifaa kilichomo ndani, mama. Kazi yake ni kugawa sauti. Nzito zinakwenda kwenye ile wufa kubwa ya chini, nyembamba zinapanda kwenye pembe ya juu. Tuseme ni mpakuaji kwenye shughuli: mifupa huku, minofu kule. Sasa mpakuaji wetu amezeeka, haoni tena sahani. Anamwaga mchuzi mezani."

Mkewe alicheka kutoka kwenye cherehani. Mama mkwe hakucheka, lakini alimtazama mkwewe kama aliyemwona leo kwa mara ya kwanza.

"Basi mtengeneze."

"Itabidi nifungue masanduku, nitoboe kidogo kwa..."

"Hakuna kutoboa. Hakuna kukata wala kubandua. Masanduku haya aliyapaka vanishi kwa mkono wake. Ukitaka kutoboa, anza na mimi."

Fundi akaenda uani. Alikaa na chai yake akiutazama ukuta, na kabla chai haijapoa alikuwa amepata njia. Alirudi akasimama mlangoni, maana kukaa kungemchelewesha.

"Mama, krosova si lazima ikae ndani. Naweza kumjengea mpakuaji nyumba yake nje, kasha la pembeni. Nitafungua tu mfuniko wa nyuma, nipitishe nyaya kwenye matundu yaliyopo, nifunge. Hutaona alama hata moja."

"Skrubu za mfuniko nitashika mimi," alisema mama mkwe.

Na kweli alizishika, zimefungwa kwenye leso, muda wote fundi alipokuwa ameingiza kichwa ndani ya spika. Krosova ya zamani ilikuwa imeshikiliwa na nta nyeusi iliyopasuka. Kapasita zake zilikuwa zimevimba matumbo. Lakini kulikuwa na kitu kingine: kwenye waya uliokwenda kwenye pembe, mtu alikuwa amechomelea rizista moja nene, kwa solda ya rangi tofauti na kuiviringishia kitambaa. Haikutoka kiwandani na spika. Kwenye spika ya pili, vilevile. Fundi alizikata rizista hizo mbili, akazitia mfuko wa shati, akarudisha mfuniko.

"Skrubu," akasema, na mama mkwe akafungua leso.

Kazi ikaanza. Kapasita alizinunua mpya. Koili hakuzipata za kumridhisha, kwa hiyo akanunua waya wa shaba mnene na kuamua kuzisokota mwenyewe. Kuzisokota kwa mkono, kwenye kigurudumu cha mbao, ni adhabu. Waya hupinda na kulegea. Mkewe alimtazama akihangaika, akasimamisha cherehani.

"Lete hicho kigurudumu chako hapa."

Alikibana kile kigurudumu cha mbao kwenye mhimili wa cherehani, akalegeza skrubu ili sindano isitembee, akakanyaga taratibu. Waya ukajipanga safu kwa safu kama uzi kwenye bobini. Fundi alihesabu mizunguko kwa sauti, na kila alipofika mbali mama mkwe aliuliza swali.

"Kwani lazima iwe idadi hiyohiyo?"

"Lazima, mama... ah. Nimepotea."

"Basi anza tena, nani anakufukuza?"

Walianza tena mara nyingi. Ilifika mahali mama mkwe mwenyewe akachukua kazi ya kuhesabu. Aliifanya kwa kupiga kidole kwenye meza, kwa mapigo, jinsi wanamuziki wanavyohesabu, na hakupotea hata mara moja.

Alipoona fundi akizipanga koili kwenye ubao wa kasha, moja imelala na nyingine imesimama, mbali mbali, aliuliza kwa nini asizipange vizuri zikatazamana.

"Zikitazamana zinasengenyana, mama. Ya huku inapeleka maneno kule. Sauti inachafuka."

"Kumbe kama mawifi," alisema mama mkwe, na safari hii walicheka wote watatu, mpaka mke wa fundi akajichoma sindano.

Makasha mawili yalipokuwa tayari, ya mbao iliyopigwa msasa mpaka ikang'aa, kila moja lilikaa sakafuni nyuma ya spika yake. Fundi alikuwa amepima kila kitu kwa mita na kila kitu kilikuwa mahali pake. Alibonyeza kanda huku moyo umetulia.

Ngoma zikaja, kavu, unaweza kuzigusa. Gitaa likaja. Filimbi ikaja. Mke wa fundi akaanza kutikisa mabega. Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa.

"Wamekuja wote," akasema. "Mimi niko wapi?"

"Si huyo anayeimba, mama?"

"Huyo yuko jikoni anaosha vyombo. Mimi nilisimama mbele."

Fundi alitaka kusema kwamba mita haidanganyi, akajizuia. Alifumba macho, akasikiliza kama anavyosikiliza mama mkwe. Ilikuwa kweli. Palikuwa na shimo katikati, palepale ambapo wufa inaiachia kazi pembe. Moja ilikuwa ikisukuma wakati nyingine ikivuta, na sauti ya mwanamke, inayokaa mpakani hapo, ilikuwa ikimezwa. Alipiga magoti nyuma ya makasha, akabadilisha nyaya za pembe, ya huku kule na ya kule huku. Hakuhitaji kugusa spika. Hiyo ndiyo raha ya krosova ya nje.

"Sikiliza sasa, mama."

Sauti ilitoka ikasimama katikati ya sebule. Ilikuwa ya msichana, yenye ukwaruzo kidogo na maringo mengi. Ungesikia hata midomo yake inavyofunguka kabla ya neno. Mke wa fundi aliacha kutikisa mabega. Hakuwahi kumsikia mama yake hivyo.

Mama mkwe alitabasamu ubeti wote wa kwanza. Ubeti wa pili ulipoanza, tabasamu likasita.

"Rudisha."

Fundi akarudisha.

"Rudisha tena, hapo kwenye 'nitakungoja'."

Aliporudisha mara ya tatu, mama mkwe alinyoosha kidole kwenye spika kama anayemshika mwizi.

"Nimeshuka! Nimeshuka chini ya noti! Na wewe umesikia?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alipata ghafla uzi wa kukata kwa meno.

"Nimekuuliza, baba. Umesikia?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo! Nimeteleza kama aliyekanyaga ganda la ndizi, unasema kidogo! Miaka yote nasikiliza kanda hii, mbona sikuwahi kusikia?" Kisha akasema polepole. "Na marehemu je? Yule alikuwa anasikia uzi mmoja wa gitaa ukilegea akiwa nje anavuta sigara. Aliniambia nimeimba kama malaika."

Fundi aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati. Angeweza kunyamaza, lakini aliona si haki. Aliweka zile rizista mbili kiganjani mwa mama mkwe.

"Zilikuwa kwenye nyaya za pembe, mama. Si za kiwandani. Zinapunguza makali ya sauti za juu. Huenda alizitia kuilinda pembe isiungue."

"Pembe hii imepigwa ukumbini mpaka alfajiri haikuungua, ije iungue sebuleni kwangu?" Alizigeuzageuza, akagusa kitambaa kilichoviringishwa. "Hiki ni kipande cha shati lake."

Aliingia chumbani, akafunga mlango. Hakutoka kula. Fundi alijilaumu waziwazi, mkewe akamwambia, "Mwache. Huyo akikasirika utasikia. Akinyamaza anafikiri."

Asubuhi mama mkwe alitoka amevaa vizuri, akaomba chai, akaketi karibu na mkwewe.

"Nimekumbuka siku ile," alisema. "Nilikuwa na mimba kubwa, pumzi imebanwa, na watu walikuwa wamejaa. Sikutaka kuahirisha. Nilishuka hivyo kwa sababu mtu alinipiga teke." Akamgeukia binti yake. "Kumbe ni wewe uliyeniharibia wimbo!"

"Mimi?"

"Ulikuwa hujazaliwa na tayari una kelele!"

Walicheka hadi chai ikamwagika. Kisha mama mkwe akapangusa macho kwa upande wa khanga, na hakuwa amehuzunika.

"Alijua ningejisikia vibaya. Alijua pia siwezi kuacha kuisikiliza. Basi akanifunika. Hakuniambia hata siku anakufa, mwanamume yule." Alitikisa kichwa kwa namna ambayo mtu hutikisa akisimuliwa ujanja wa mtoto. "Unaweza kuzirudisha?"

"Naweza, mama. Lakini pia naweza kuweka swichi kwenye kasha. Ukiiweka chini, sauti inapita kwenye rizista zake. Ukiipandisha, inapita moja kwa moja."

"Weka swichi," alisema. "Wakija wageni, nitawawekea ya mume wangu. Nikiwa na nyinyi, ya kweli. Nyinyi mmekwisha kunisikia."

Fundi alifanya hivyo siku hiyohiyo, na rizista aliziacha na vitambaa vyake.

Baada ya hapo shikamoo na marahaba ziliendelea, maana heshima ni heshima, ila hazikuwa tena mwisho wa mazungumzo. Mama mkwe alizoea kwenda uani baada ya chai, akiburuta kigoda. Alianza kwa kutazama, akaendelea kwa kuuliza, na haikuchukua muda akawa anakosoa. Habari zikaenea kwamba kwa fundi kuna mwanamke mwenye masikio, na watu waliokuwa na spika za zamani, zilizotupwa stoo kwa kudhaniwa zimekufa, wakaanza kuzileta. Fundi alizijengea krosova za nje, mkewe akazungusha koili, na hakuna spika iliyotoka pale kabla mama mkwe hajasema "Haya."

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa kwaya alileta mbili, ndefu na nyembamba. Fundi aliziunga, akaweka kanda ya kwaya, akarudi nyuma, akaona kazi imekwisha. Mwalimu naye alikuwa ameridhika, anatoa ufunguo wa gari.

"Subiri kwanza," mama mkwe alisema kutoka kwenye kigoda. "Wa sauti ya pili wamenuna."

Mwalimu alimtazama fundi. Fundi alikuwa tayari amepiga magoti, bisibisi mkononi.

"Wamenuna kiasi gani, mama?"

"Kama watu walioalikwa harusini wakakuta chakula kimekwisha."

Fundi akabadilisha kapasita moja. Mama mkwe akasikiliza, akaomba nyingine, akasikiliza tena. Ndani, mkewe alikuwa akiwaita waje kula, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa sauti ile aliyozaliwa nayo. Uani hakuna aliyemsikia. Mwalimu wa kwaya alikuwa amekwisha kuweka ufunguo mezani na kuvuta kiti.