Mshono wa Nyuma

Fundi alikuwa tayari kukiri mbele ya yeyote kwamba siku ile mjinga alikuwa yeye. Alichokataa ni kubaki na ujinga huo peke yake. Ndiyo maana alipoizungusha futi ya kupimia kwenye kiuno cha Kopo aliikaza zaidi ya ilivyohitajika, akaisikia raha ikimpanda mpaka mabegani.

"Taratibu, Fundi," Kopo alisema huku amebana pumzi. "Unapima suruali au unafunga mzigo?"

Fundi alicheka. Kucheka hakukumshinda. Kilichomshinda ni kuishika futi vizuri kwa mkono wa kushoto, kwa sababu kidole cha shahada cha mkono huo kiliishia katikati, na mkono uliokizoea kizima kwa miaka ishirini na sita ulikuwa bado unakwenda kukitafuta.

Kopo hakuwa daktari, ingawa kibao chake kilisema Tabibu. Watu walimwita Kopo kwa kuwa kila ugonjwa duniani alikuwa na kopo lake: la tumbo, la macho, la mgongo, na lile la dawa nyeusi aliyodai hufunga kila kilichofunguka. Sasa alitaka suti. Duka lake jipya lingefunguliwa Jumamosi pale njia panda, pangekuwa na jukwaa na kipaza sauti, na yeye angeonyesha kwa mwili wake mwenyewe nguvu ya dawa ya mgongo: angeinama mbele za watu mpaka viganja viguse mbao, mara tatu.

"Kwa hiyo uniachie nafasi," alisema. "Mshono wa nyuma ndio wenye kazi."

"Huo niachie mimi," Fundi akasema, na moyo ukamcheza kama wa bwana harusi.

Ujinga wenyewe ulikuwa hivi. Miezi minane nyuma alikuwa akikimbizana na sketi za wanafunzi, mguu uko kwenye pedali, akili iko kwenye chakula, sindano ya cherehani ikamshukia kidoleni, ikapita ukucha, ikavunjika. Kila aliyekaa nyuma ya cherehani anajua la kufanya. Unasimamisha gurudumu, unaokota vipande vya sindano, unavipanga mezani mpaka sindano itimie, ndipo unashughulika na damu yako. Yeye alianza na damu. Akakidondoshea mafuta ya mashine kama mafundi wote wafanyavyo, akafunga kitambaa, akatia sindano mpya, akaendelea na sketi. Fundi wa kwenda zahanati kwa sababu ya sindano ya cherehani angetaniwa na wenzake mpaka azeeke.

Siku ya nne Kopo alipita, akakiona kidole kimevimba kama bilinganya, akaenda kuleta kopo. Alikipaka mwenyewe. Akaagiza kisioshwe, kisifunguliwe, kwa siku saba. Na akasema neno ambalo Fundi alilikariri: "Ukisikia kinapiga kama ngoma, ujue dawa imefika."

Kilipiga. Fundi akafurahi kwamba dawa imefika. Mkewe, ambaye hukaa mlangoni akishona matundu ya vifungo kwa mkono, alimwambia kila asubuhi aende zahanati, na kila asubuhi akajibiwa kwamba vifungo ni vyake na vidole ni vya mwenye navyo. Na kweli kidonda kilifunga. Ngozi ilikaa juu yake laini, inang'aa, kama kiraka kilichopigwa pasi. Fundi akakizungusha mbele ya macho ya mkewe kwa majivuno. Kesho yake mtoki ukamvimba kwapani, mstari mwekundu ukapanda mkononi, homa ikamkamata hata akaiona cherehani ikijishonea yenyewe.

Hospitali walikuta ncha ya sindano imelala ndani kama punje ya mchele, usaha umeizunguka, mfupa umekwisha kuoza. Muuguzi alisema jambo lenyewe lilikuwa dogo. Wangefika wiki ile ya kwanza, kingepasuliwa kidogo, wangepewa vidonge, wangerudi nyumbani na kidole chao. Kisha akauliza ni nani aliyemwambia akifunge kikiwa na uchafu ndani.

Fundi alimjua. Jibu alilihifadhi, kama fundi anavyohifadhi kitambaa kizuri akimsubiri mwenye kukivaa.

Na sasa mwenye kukivaa alikuwa amejileta na vipimo vyake.

Koti alilishona kwa uaminifu. Lilimchukua siku mbili badala ya moja, kwani kitambaa kilimteleza pale kidole kilipokuwa kikikizuia, na mishono yake siku hizi ililalia kushoto kidogo, kama mtu anayechechemea akijitahidi asionekane. Mshono wa nyuma wa suruali aliupiga bandi tu: ule uzi mweupe wa mishono mirefu, wa kushikiza nguo wakati wa kujaribu, ambao baadaye hutolewa. Akaupitishia pasi mpaka ukatulia kama mshono wa kweli. Siku hiyo aliimba kutwa.

Mkewe aliugundua. Aliishika suruali aanze vifungo, akauvuta ule uzi kwa vidole viwili, nyuma kukaachama kama mdomo wa mtoto anayelia. Hakupiga kelele. Alimwambia jina lao limeandikwa kwenye kibao cha mlangoni, halikuandikwa kwenye makalio ya Kopo. Suruali ikipasuka, Kopo watamcheka siku moja. Wao watakimbiwa mwaka mzima, na wateja tangu kidole kiondoke wamekwisha kupungua.

Fundi alibisha, akanuna, akatoka nje, akarudi. Mwishoni akafumua na kushona upya, mara mbili, kwa uzi mgumu wa magunia. Ilikuwa kama kumkanda Kopo miguu.

Ijumaa Kopo alikuja kujaribu koti. Suruali ilikuwa bado mapajani kwa mke wa Fundi pale mlangoni. Kopo akainua mikono, akasema panambana kwapani.

"Ukisikia panabana, ujue koti limefika," Fundi akamwambia. "Siku saba usilivue."

Kopo akacheka kwa dhati, akampiga begani, akasema fundi huyu ana maneno. Hakuyatambua. Maneno yalitoka kinywani mwake, yamemla mtu kidole, naye hayakumbuki hata kwa sura. Fundi akaona bora amuonyeshe. Akaunyoosha mkono wa kushoto, akamuuliza kama na hiki anakikumbuka.

Kopo akakitazama kwa huruma, kama mtu aliyeletewa mtoto wa jirani amsifie. Akasema bila kushusha sauti kwamba dawa haijiharibu. Mambo hayo ameyaona sana, na kila alikoyaona kulikuwa na mwanamke nyumbani aliyeshika kopo na mikono isiyo safi, akaivunja dawa nguvu.

"Sikutaka kukuambia ukiwa unaumwa," akamalizia. "Muulize shemeji."

Mkewe hakuinua kichwa. Sindano yake ilisimama katikati ya tundu la kifungo, kwa muda wa mtu kumeza mate mara moja, kisha ikaendelea.

"Bado vifungo viwili," alisema. "Kesho asubuhi nitakuletea mwenyewe, shemeji."

Kopo alipoondoka, Fundi alitoa hasira za watu wawili. Alishangaa mtu anatukanwa kwenye kiti chake mwenyewe halafu anaahidi kupeleka nguo. Mkewe akamuuliza kama hana kazi ya kufanya.

Jumamosi Fundi alisimama nyuma kabisa ya umati, mdomo umemchachuka. Suti ilimkaa Kopo vizuri mno, na hilo lilimuuma kuliko yote. Kopo akaeleza habari ya mgongo, akaweka kipaza sauti chini, akainama. Viganja vikagusa mbao. Watu wakashangilia. Mshono wangu huo, Fundi aliwaza kwa uchungu. Kopo akainama mara ya pili, na kipaza sauti, kilichokuwa pale miguuni, kikatangaza mtaa mzima: trrrr.

Kutoka kiunoni mpaka mapajani. Kopo alijiinua kwa pupa, mgongo ukakataa, akabaki ameinama hivyo hivyo, upande uliopasuka umeelekea hadhira. Waliomshusha jukwaani walimbeba kama meza.

Haikupita saa, akafika kwa Fundi kwa hatua fupi fupi, mkono mmoja kiunoni, mwingine umebeba ile suruali, nusu ya umati nyuma yake. Fundi aliipokea. Alishona mara mbili, kwa uzi wa magunia, ilikuwaje? Akaigeuza ndani nje. Ule uzi mgumu haukuwapo. Palikuwa na vipande vya uzi mweupe, mishono mirefu ya bandi, na yote ilikuwa imenyooka. Hakuna hata mmoja uliolalia kushoto.

Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anashona tundu la kifungo.

Kopo alidai suruali ishonwe sasa hivi, kisha Fundi apande jukwaani akatangaze kosa lake.

"Ya nini cherehani?" Fundi alisema. "Paka ile dawa nyeusi. Usiioshe, usiifungue. Siku saba."

Mlangoni watu wakacheka, na waliocheka walikuwa wamesimama chini ya kibao chenye jina la nyumba. Kopo hakucheka. Aliilainisha sauti, ile ya kuuzia dawa, akamgeukia mwanamke.

"Binadamu hukosea, shemeji. Kitu kimeharibika, aliyekiharibu anakirudisha kilivyokuwa, tunapeana mikono, yameisha. Au sivyo?"

Mkewe alichomeka sindano yake kifuani mwa gauni, akasimama, akaushika mkono wa kushoto wa mumewe na kuulaza mezani juu ya suruali, kidole kifupi kikakaa palepale mshono ulipoachama.

"Ndivyo," alisema. "Anza wewe, shemeji."