Jina Alilopewa Kwenye Foleni

Mzee Sylvesta, mkuu wa ghala la chakula katika kambi ya wakimbizi ya Nduta, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtesa Herieth. Angekuwa mbaya, kazi ingekuwa rahisi. Herieth alipougua malaria mwezi uliopita, mzee huyo ndiye aliyempakia kwenye gari hadi hospitali Kibondo, akakaa naye kwenye benchi mpaka jioni. Ila kwake yeye kila mwanamke ni "kidosho". Neno la enzi za suruali za bugaluu! Nani anasema kidosho mwaka 2015, jamani? Siku ya kwanza kazini Herieth alilisikia akacheka kwa adabu tu, na kicheko hicho kikamponza.

Loyce, mwenzake kwenye meza ya kuandikisha mgao, hakucheka hata siku moja. Alipeleka malalamiko. Shirika lililowaajiri likamtuma Dada Adija kutoka ofisini Kibondo, akaweka kiti ndani ya hema na kumwita Herieth peke yake.

"Loyce anasema hata wanaume wa foleni wamelidaka hilo neno, sasa wanawaita hivyo. Wewe linakuudhi?"

Linamuudhi! Linamkera mpaka kichwa kinamgonga. Lakini mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na wa kumwombea aongezewe muda alikuwa nani? Mzee Sylvesta huyo huyo, ambaye sasa alikuwa anakohoa nje ya turubai. Akisema ndiyo, amemsaliti aliyemuuguza. Akisema hapana, amemwacha Loyce kwenye mataa.

"Ni utani wa wazee tu," alisema. "Mimi nimeshazoea."

Adija aliandika, akamsogezea karatasi. Herieth akasaini huku masikio yanawaka kwa aibu. Alipotoka, Loyce alimtazama mara moja tu, akaendelea kupanga kadi zake.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Spesiyoza, mama wa Kirundi aliyevuka mpaka akiwa na mimba kubwa. Leo alikuwa na kichanga kifuani, anataka kiingizwe kwenye orodha ya mgao.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Kidosho!" Uso wa Spesiyoza ulijaa furaha. "Ni jina lako. Siku ile ya mvua wewe ulinipa blanketi. Nikasema, nikizaa msichana, nitamuita wewe."

Kalamu ikaganda. Machozi yalimlenga Herieth, hakujua ni ya shukrani au ya hasira.

"Mama, mimi siyo Kidosho. Mimi ni Herieth."

Spesiyoza alimkodolea macho. "Sasa mbona wakikuita unaitika?"

Yesu wangu, swali gani hilo! Herieth alivuta pumzi amweleze. Angeanzia wapi? Kwenye mkataba, kwenye benchi la hospitali, au kwenye kile kicheko? Kabla hajapata pa kuanzia, sauti ikatoka ghalani.

"Kidosho! Lete funguo, kidosho wangu!"

"Abee, mzee! Nakuja!"

Lilishamtoka. Loyce alikuwa amesikia, foleni nzima ilikuwa imesikia. Spesiyoza akacheka kwa raha, akagonga orodha kwa kidole.

"Unaona? Wewe andika tu."

Herieth akaandika. Kisha akachukua funguo, akaenda alikoitwa.