Nywele za Penseli

Kazi yangu ni kupanda nywele. Huu ni mwaka wa kumi na moja, kwenye kliniki moja hapa Istanbul, ghorofa ya tatu juu ya duka la mazulia. Nina stashahada ya afya, macho mazuri na mgongo mbovu. Daktari anachora mstari na kutoboa. Sisi mafundi tunatoa mizizi kisogoni, mmoja mmoja, tunailaza kwenye maji baridi, kisha tunaichomeka mbele. Jioni, mwanamume aliyeingia na paji la uso lililofika utosini anatoka na kitambaa cheusi kichwani, anatabasamu kama bwana harusi. Kwa lugha yetu, Kituruki, kupanda na mwezi wa kumi ni neno moja, *ekim*, basi kazini tuna mzaha wetu: hapa kwetu kila mwezi ni wa kumi.

Mzaha huo uliacha kunichekesha siku mwanangu Koray aliponiambia, "Mama, nichukulie nafasi kwa Daktari Feridun. Mwezi wa kumi."

Nilikuwa namenya biringanya. Koray ana miaka ishirini na minne. Nywele zake zimeanza kuondoka pembeni kimyakimya, kama mgeni asiyetaka kuaga.

"Mbona haraka? Nani kakuambia kitu?"

"Nani hajaniambia? Ofisini naitwa Uwanja wa Ndege. Juzi inzi kanitulia kichwani, Serhat akatangaza kwa sauti, ndege kutoka Ankara imewasili."

"Mwambie Serhat tumbo lake liliwasili mwaka juzi."

Alicheka. Kisha akageuka, akatazama ukutani kupitia mlango wa jikoni. "Si Serhat, mama. Nataka kuwa kama baba."

Kwenye ukuta wa sebuleni inaning'inia picha ya harusi yetu. Nevzat, mume wangu, ana miaka ishirini na mitano, suti ya kijivu, na nywele nzito zenye mawimbi zilizochanwa kushoto. Moyo wake ulisimama akiwa kazini, Koray akiwa na miaka minne. Mtoto akalelewa na mimi pamoja na ile picha. Akiwa darasa la kwanza alikuwa analowesha nywele zake, anazichana kushoto, anasimama chini ya picha na kuniuliza, "Nimefanana?" Nami nikawa najibu, "Sana."

Siku hiyo ya biringanya nilisema, "Hebu nipe chumvi."

Daktari Feridun ni mtu wa haki. Hapandi ovyo kichwa cha kijana. Alimkalisha Koray chini ya taa, akampitishia lenzi paji la uso, kisogo, utosi. Pale utosini alikawia.

"Hapa sina uhakika," alisema. "Wewe bado mdogo, hatujui upara wako utaishia wapi. Kisogo ni ghala la mbegu, na ghala halijazwi tena. Nikizimaliza mbele leo, na nywele za utosi zikaja kuisha ukiwa na miaka thelathini na mitano, utabaki na kisiwa mbele na jangwa nyuma. Baba yako alikuwaje?"

Koray alitoa simu. Alikuwa ameipiga picha ile picha. "Hivi, daktari. Mpaka alipofariki. Bibi yangu anasema zilikuwa kama nyuzi za dhahabu."

Daktari alitazama simu, kisha akanitazama mimi. "Dada Sevim? Ndivyo?"

Watu wote wanaonijua wanajua kwamba mdomo wangu hauna breki. Nimewaambia wagonjwa waziwazi kwamba wanapoteza muda. Nimemwambia mama mkwe wangu kwamba mchuzi wake ni maji ya kuoshea sahani. Lakini siku ile, mbele ya mwanangu aliyeshika simu kwa mikono miwili, niligeuka nikaanza kupanga glavu zilizokuwa zimeshapangwa.

"Miaka mingi imepita, sikumbuki vizuri," nilisema. "Nitaangalia picha nyingine."

"Angalia," alisema daktari. "Kama ni hivi, nitapanda. Kama sivyo, arudi akiwa na thelathini."

Akaandika jina la Koray kwenye kalenda: Jumatatu ya pili ya mwezi wa kumi. Zilibaki siku tisa.

Sasa niseme ukweli wa ile picha. Nevzat alikuwa na kipara. Kipara kamili, cha kung'aa, tangu ana miaka ishirini na miwili. Tulipochumbiana kule Akhisar, shangazi zangu walisema Sevim hahitaji umeme, anaolewa na mwezi. Mimi nilicheka nao, lakini lilinichoma. Tulipopiga picha ya harusi, nilirudi peke yangu studio kwa mzee Garbis, ambaye alikuwa anasahihisha picha kwa penseli na brashi nyembamba: anaondoa chunusi, anafungua jicho lililofumba, anampunguzia mama mkwe kidevu. Nikamwambia, "Muongezee nywele. Kidogo tu." Mzee Garbis alikuwa msanii, na wasanii hawajui kidogo.

Nilipoileta nyumbani, Nevzat aliizunguka kama anakagua gari la mtumba. "Sevim, huyu nani uliyeolewa naye? Mimi nilikuwa wapi?" Nilitaka kuirudisha. Akakataa, akaitundika mwenyewe. Tangu siku hiyo, kila asubuhi akienda kazini alikuwa anaipigia saluti. "Hujambo, mwenye nyumba. Mpangaji anaondoka."

Jumapili nilikuwa namnyoa zile nywele chache za pembeni. Roshani ndogo, kigoda, taulo shingoni, redio ya jirani ikisoma matokeo ya mpira. Nikimaliza nampaka manukato ya limau, kichwa chote, naye anapiga kelele kama mtoto kwa baridi ya yale manukato. Kwetu mtu akinyolewa huambiwa, "Iwe ya afya." Mimi nilikuwa namwambia, naye alikuwa ananijibu, "Afya ipo, nywele ndizo hazipo." Jumapili ngapi? Sikuzihesabu, nilidhani zipo nyingi.

Na Koray. Koray alikuwa halali bila kile kichwa. Baba yake alikuwa anajilaza chini ubavuni mwa kitanda, mtoto anaweka kiganja juu ya kipara, anakipapasa polepole, macho yanafumba. Nevzat alipofariki, Koray alitafuta kwa mkono usiku wa kwanza, na wa pili. Wa tatu akachukua mpira wake mwekundu, akalala ameuwekea kiganja. Alilala na mpira ule miezi mingi.

Mama mkwe, aliyekuwa akimwita mwanawe "kipara changu" mbele za watu, alianza mwaka ule kusimulia nywele za dhahabu. Tuna msemo: kipara akifa, huota nywele za dhahabu. Nilifikiri ni msemo tu mpaka nilipouona ukitendeka sebuleni kwangu. Sikumsahihisha. Alikuwa mama aliyezika mwana. Na picha ilikuwa yangu; zile nyingine zilikuwa kabatini. Mwaka ukazaa mwaka.

Jumamosi, siku mbili kabla ya miadi, nilipanga kifungua kinywa: jibini, zeituni, mayai, chai. Kando ya sahani ya zeituni niliweka kijitabu chekundu cha ndoa yetu, kile ambacho serikali huwapa maharusi, kimefunguliwa. Ndani mna picha mbili ndogo za serikali. Ile ya Nevzat alikuwa ameitoa kwenye zile za kitambulisho cha kazi. Serikali haina penseli.

Koray alichukua zeituni, akatazama, akaacha kutafuna.

"Huyu nani?"

"Baba yako. Soma jina."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Mzima kama ng'ombe. Ana miaka ishirini na mitano hapo. Nywele za ukutani ni za mzee Garbis. Mimi nilimwambia azichore."

Alikileta kijitabu karibu na macho, kisha akageukia ukuta.

"Miaka ishirini, mama."

"Najua."

"Nimechana nywele kushoto miaka ishirini nifanane na penseli!"

"Najua, mwanangu."

"Wewe! Wewe unayemwambia kila mtu ukweli hata asipouliza! Na kwa daktari ukakaa kimya. Ungeniacha nichomwe sindano?"

"Ndiyo maana nakuambia leo. Ukipanda Jumatatu, utosi wako utafuata wa baba yako, na ghala litakuwa tupu. Nawaona hao. Wanarudi na kofia ya sufu mwezi wa saba, kwenye joto kali. Nikasirikie, lakini usipande."

Alisukuma kiti, akachukua kijitabu, akatoka. Aliubamiza mlango hata picha ya ukutani ikapinda. Nilifunika mayai. Nilifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Nilijitetea kwa sauti mbele ya beseni: kwamba mtoto wa miaka minne angefaidika nini na ukweli, kwamba picha si kiapo. Utetezi wangu haukufika mbali. Nilimwonea haya mume wangu siku moja studio, nikamfundisha mwanawe aione haya sura yake mwenyewe. Hilo ndilo nililofanya, na hakuna namna nzuri ya kulisema.

Alirudi alasiri. Hakuvua koti.

"Kuna kitu nakumbuka," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Mpira mwekundu. Nilikuwa nalala nao. Siku zote nilidhani nilikuwa naupenda sana ule mpira, lakini sikumbuki hata siku moja niliyoucheza. Nimekaa kwenye benchi na hiki kijitabu, mkono wangu ukaanza kufanya hivi." Alipapasa hewa kwa kiganja, polepole. "Ilikuwa yeye?"

"Ilikuwa yeye."

Alikaa kwenye kigoda cha jikoni. Pua yake ilikuwa nyekundu, nikajifanya sijaiona.

"Ile mashine ya kunyolea ipo?"

"Kazini nanyoa vichwa vinne kwa siku. Itakosaje kuwepo?"

"Basi ninyoe. Kichwa chote. Nione kwanza kama kipara nakiweza. Nikifika thelathini na bado kinanisumbua, utanipanda wewe mwenyewe, bila wale wasichana wako wanaojifunza kazi."

"Nikiwa na macho."

"Utakuwa nayo. Wewe huona kasoro za kila mtu, utakosa macho?"

Nilimfunga taulo shingoni. Mikono yangu inajua kazi hii hata nikisinzia, lakini nilikwenda polepole. Kichwa chenye nundu ndogo juu ya sikio la kushoto, kisogo kilichobonyea kama kijiko. Nilikuwa nimekisahau kile kisogo cha baba yake. Kumbe kilikuwa nyumbani muda wote, chini ya nywele. Nikampaka manukato ya limau, akapiga kelele.

"Iwe ya afya," nilisema.

"Afya ipo," alijibu, sijui kaitoa wapi, na kwa kuwa hakujua yaliyobaki, niliyamalizia mimi.

Nilimpigia Daktari Feridun amfute Jumatatu. Niliporudi sebuleni, Koray alikuwa ameinyoosha picha ya harusi iliyopinda. Ile ndogo ya kijitabu aliichomeka kwenye kona ya fremu, chini ya bega la yule mwenye nywele.

"Nitoe ile kubwa?" niliuliza. "Haki yako."

"Iache. Mwenye nyumba na mpangaji," alisema, kwa maana nilikuwa nimemsimulia nikimnyoa. "Waache wazoeane."